Safari ya Arash: kwa deiwaka wa mbio ndefu

Msomaji wangu, kama umewahi kupanda daladala za Dar au vifodi vya Arusha, basi unamjua deiwaka. Si mwenye gari, wala si yule dereva aliyekabidhiwa gari na tajiri. Anakaa kijiweni na kijiti chake mdomoni, anasubiri mwenzake aumwe, achoke au aende msibani, apewe usukani kwa tripu mbili tatu. Jioni analipwa chake, kesho anarudi kijiweni. Hakuna anayeandika jina lake kwenye kioo cha nyuma. Lakini ukweli ni kwamba bila yeye nusu ya magari ya mji huu yangelala.

Mwezi uliopita nilikwenda mpaka Arash, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, na huko nikakutana na deiwaka ambaye kijiwe chake kilikuwa Ulaya.

Niseme mapema kwamba sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa sababu mimi na mume wangu tulikuwa hatuongei vizuri, na nilidhani tukikaa kwenye gari moja siku mbili bila mtandao, tutaongea. Mume wangu ni mkadiriaji majenzi, kazi yake ni ya barabara. Tangu tuoane, miaka saba sasa, ameshafanya Mtwara, Kigoma, Singida na Katavi. Mkataba ukiisha anarudi na begi lake na kofia ya plastiki, anakaa nyumbani miezi miwili mitatu akitazama televisheni mpaka usiku wa manane, halafu simu inalia, begi linatoka tena chini ya kitanda.

Ni katika miezi hiyo ya kusubiri ndipo alipoanza kutazama besiboli ya Marekani, mchezo ambao mpaka leo sijui nani anamfukuza nani. Usiku mmoja aliniamsha kunisimulia habari za mrushaji mmoja, Edwin Jackson, ambaye kati ya mwaka 2003 na 2019 alichezea timu 14 za ligi kuu ya kule, na hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuzidi idadi hiyo ya timu. Alinisimulia kwa fahari kabisa, utadhani ni kaka yake. Mimi nilisikia kitu kimoja tu: mara 14 mtu amefunga begi.

Safari hii ilikuwa barua ya mkataba wa miaka miwili, Kigoma tena. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Mimi nilitaka akatae, atafute kazi ya mezani hapa mjini, hata kama mshahara ni mdogo. Yeye hakusema ndiyo wala hapana. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo, mwenyeji wa Karatu, ndiye aliyesema, "Shangazi yangu anafundisha Arash. Mumewe alikuwa anakimbia. Nendeni mkapumzike huko, mtalala kwao Karatu njiani." Nikadhani alikuwa anakimbia polisi.

Karatu tulifika jioni, baridi imeanza kushuka. Kama hujawahi kupita njia hii, unatoka Arusha, unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, gari linapanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara linabaki chini mkono wa kushoto, halafu mbele yako yanafunguka mashamba ya ngano na mahindi kwenye udongo mwekundu. Ni nchi ya Wairaqw, watu warefu wasiopenda maneno mengi. Nyumba ya shangazi iko mwisho wa mji, ya matofali ya kuchoma, ndefu kama treni, maana imejengwa kipande kipande. Juu ya kila mlango pameandikwa kitu kwa rangi ya mafuta. Binti anayeitunza nyumba akatuambia bila kucheka, "Nyie mtalala Hannover. Padova kuna magunia ya mahindi."

Kweli, mlango wa kwanza HANNOVER, wa pili PADOVA, na jikoni PRAHA. Choo hakikuwa na jina. Tukalala Hannover, mume wangu ukutani, mimi pembeni, katikati nafasi ya mtu wa tatu.

Ili uelewe majina yale, lazima ujue Karatu ni mji wa namna gani. Hapa ndipo alipozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953. Februari 2, 1974, kule Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana huyu wa miaka 20 alitoka mbele kwenye fainali ya mita 1,500 tangu risasi ilipolia na hakumpisha mtu mpaka kwenye utepe. Dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyemfukuza mpaka mwisho naye aliivunja rekodi ya zamani, na akaondoka na medali ya fedha. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili, dakika 3 sekunde 51. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Montreal 1976. Hawakukutana. Nchi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu yake. Bayi akapata medali ya Olimpiki miaka minne baadaye, Moscow, fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Kila mtoto wa Karatu na Mbulu amekua na hadithi hiyo, pamoja na ile ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji na giza limeshaingia. Wa kwanza kabisa na wa mwisho kabisa. Sisi Watanzania tunawakumbuka hao wawili. Wa katikati hatuna habari nao, na wa katikati ndio wengi.

Asubuhi saa kumi na mbili tuliondoka na Land Cruiser kuukuu ya kukodi. Dereva kijana wa pale pale Karatu, anajua kila jiwe. Baada ya Lango la Loduare lami tunaiaga, tunaingia msituni kwenye ukungu mzito, na kule juu, kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ukungu ukapasuka na kreta yote ikaonekana chini yetu. Nimeshaona picha zake mara elfu, nimeshazipanga mimi mwenyewe kwenye kurasa za gazeti hili. Picha hazisemi kweli. Shimo lina upana wa karibu kilomita 20 na kina cha mita 600, na nyati kule chini ni punje za pilipili manga. Tulipiga picha moja. Hatukushikana mikono.

Kutoka hapo ni kushuka. Malanja, halafu uwanda mkavu wa Olduvai, ambako Julai 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus. Kusini kidogo, Laetoli, kikosi chake kilifukua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliopita kwa miguu miwili kwenye majivu ya volkano, miaka milioni 3.6 iliyopita. Dereva wetu anapenda sana habari hii. Alisema mmoja wao alikuwa akikanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake. Mume wangu akauliza, "Nani alikuwa mbele?" Dereva akasema, "Hapo ndipo wazungu hawajaelewana." Tukacheka wote watatu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu tutoke Dar.

Baada ya mchanga mweusi unaohama na upepo, njia inakata kaskazini. Milima ya Gol, Piyaya, ng'ombe, pundamilia, ng'ombe tena. Huwezi kusema wapi mifugo inaishia na wanyamapori wanaanzia, maana wanakula pamoja. Msimu wa mvua usijaribu njia hii bila mtu anayeijua. Udongo unageuka uji.

Arash tuliingia kama saa kumi jioni. Usitarajie mji. Ni maboma yaliyotawanyika kati ya migunga, maduka ya bati yenye sola juu, shule, kanisa, vijana wa Kimaasai na pikipiki zao. Watoto wanakuja na kuinamisha kichwa uwaguse utosini, na mama mmoja aliponisalimia "Takwenya" dereva alinikanyaga mguu nijibu "Iko." Jina la Arash labda umelisikia kwenye taarifa ya habari. Juni 2022 serikali iliweka vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500 za tarafa ya Loliondo kuwa eneo la hifadhi, na baadhi ya malisho ya vijiji vya huku yakabaki upande wa pili. Ukikaa kwa watu jioni, mazungumzo yanakwenda hapo yenyewe: wapi pa kunyweshea, nani kakamatiwa ng'ombe. Mimi ni mgeni wa usiku mmoja, sijifanyi mjuzi. Ila usije huku ukadhani umekuja mahali pasipo na mambo.

Mwalimu alitupokea kwa chai ya maziwa yenye tangawizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniangalia mimi, akamwangalia mume wangu, akasema, "Mmechoka." Hakuwa na maana ya safari. Mumewe alikuwa nje anatengeneza boriti la banda la mbuzi. Hapa kijijini wanamwita Kocha. Ana miaka hamsini na kitu, mwembamba kama ufito, anatembea polepole sana. Mtu aliyekimbia maisha yake yote hana haraka ya kwenda popote.

Sitamtaja jina. Mwenyewe alikataa. "Jina langu halikuwahi kuandikwa gazetini wakati nakimbia, kwa nini liandikwe sasa?"

Hadithi yake ni hii. Alianza shule ya msingi Karatu, akaendelea kwenye mbio za nyika za mkoa, akaonekana, akapelekwa kambini. Alikuwa mzuri, lakini kambi nzima ilikuwa ya watu wazuri. Miaka ile ya mwisho wa tisini na mwanzo wa elfu mbili milima hii ilikuwa inatoa wakimbiaji kama inavyotoa vitunguu vya Mang'ola. Francis Naali alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 2002 Manchester, Samson Ramadhani akafanya hivyo hivyo Melbourne 2006, na katikati yao, 2005 Edmonton, Fabiano Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Kocha alikimbia na watu wa kundi hilo, nyuma yao kidogo. Kidogo hiyo ndiyo iliyoamua maisha yake.

Zamani mkimbiaji aliishi kwa mshahara wa jeshi au polisi, maana sheria za riadha zilikataza malipo. Miaka ya 1980 mlango ukafunguliwa. Hata Boston, mbio kongwe kabisa, ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986. Juma Ikangaa wetu aliwahi kuikosa Boston kwa sekunde moja tu, 1988, na akawa wa pili tena 1989 na 1990. Fedha zilipoingia, kila mji wa Ulaya ukataka mbio zake, na kila mbio zikahitaji watu thelathini wa kukimbia nyuma ya mshindi ili mbio zionekane mbio. Hapo ndipo alipopata kazi Kocha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anapata viza ya siku 90. Meneja anampangia chumba, kitanda cha juu, wakimbiaji sita ndani: Watanzania, Wakenya, Mhabeshi mmoja. Jumamosi wanapakiwa kwenye basi dogo, Jumapili asubuhi wanakimbia mji fulani, jioni wanarudi. Jumamosi ijayo mji mwingine. Mshindi anapata fedha nzuri, wa pili nusu yake, na zawadi zinapungua hivyo mpaka mtu wa nane au wa kumi. Meneja asilimia 15. Kodi ya huko. Tiketi ya ndege inakatwa humo humo, na pango la kitanda pia. Mara nyingine fedha zilichelewa miezi mitano, mara moja hazikuja kabisa. Anachobaki nacho ndicho kinachorudi Karatu.

"Nilishinda mara ngapi?" alijiuliza mwenyewe kabla sijamuuliza. "Mara mbili. Miji midogo, mvua inanyesha. Nafasi ya saba ndiyo iliyonijengea nyumba."

Alipopita miaka thelathini meneja alimbadilishia kazi, akawa mweka kasi. Hii wengi hatuijui. Waandaaji wa marathoni wanawalipa watu wachache waongoze mbio kwa kasi maalumu ili wakubwa nyuma yao wakimbie bila kupigana na upepo wala kufikiria saa. Kocha alipewa dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita mpaka kilomita ya 25. Hiyo ni kasi ya kumaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 10. Ukichelewa sekunde chache wakubwa wanakutukana kwa lugha nne, ukiwahi wanakutukana vile vile. Ukifika 25 unatoka pembeni, unavishwa blanketi, unatafuta basi. Kwenye televisheni utaonekana saa nzima na kidogo, uko mbele ya kila mtu, halafu unapotea na mtangazaji hasemi umekwenda wapi.

Mume wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa kama mzigo wa tatu kwenye gari, akainuka kwenye kiti. "Hukuwahi kutaka kuendelea?"

Kumbe swali lenyewe lina historia. Sheria haimzuii mweka kasi kumaliza. Mwaka 1994, Los Angeles, Mmarekani Paul Pilkington aliajiriwa kuweka kasi, wakubwa wakazembea nyuma, akaendelea mpaka mwisho na kushinda: dola 27,000 na gari aina ya Mercedes. Mwaka 2000, Berlin, Simon Biwott wa Kenya alifanya kitu hicho hicho. Kila mweka kasi duniani anajua hadithi hizo mbili kwa moyo, alisema Kocha, kama vile watoto wa Karatu wanavyojua ya Bayi.

"Siku moja Hispania," akaendelea, akiwa ameshika msumari mkononi, "nilifika 25 nikiwa sijachoka. Nageuka nyuma, wale watu macho yamewatoka. Mimi miguu mizuri kabisa. Naona blanketi pembeni, naona na barabara mbele. Nikatoka."

"Kwa nini?"

"Mkataba ulisema 25. Na wiki mbili mbele nilikuwa na kazi nyingine, ningekwenda nayo vipi na miguu iliyokufa? Lakini mpaka leo sijui. Pengine ningeshinda."

Kutoka jikoni Mwalimu akapaza sauti: "Mimi najua. Ungekufa kilomita ya 35." Kocha akacheka mpaka akakaa chini.

Usiku, wanaume wakiwa nje kwenye moto, Mwalimu alinitolea kaunta buku. Lile daftari kubwa la jalada gumu, la mwaka 2001 mpaka 2010, mwandiko wake wa kiualimu, mistari imepigwa kwa rula. Tarehe, mji, nafasi, fedha iliyotajwa, fedha iliyofika, imefanya nini. "2003, Hannover. Wa saba. Bati 40." "2004, Padova. Wa tano. Milango, saruji." "2005, Praha. Mweka kasi. Jiko, ada ya chuo changu." Ukurasa baada ya ukurasa. Kule Karatu nililala ndani ya mistari hii bila kujua.

Halafu mstari mmoja wa Oktoba 2005, mji nauacha: "Ametoka km 18. Hakuna." Na chini yake, kalamu ile ile: "Mtoto wa pili amezaliwa."

Niliuliza kijinga, kama tunavyouliza sisi wa magazeti: uliwezaje kusubiri miaka yote hiyo?

Akaniangalia kwa muda. "Nani kakwambia nilisubiri? Mimi sikusubiri. Nilifundisha, nikalima, nikajiendeleza nikapata diploma, nikasimamia mafundi. Wanaosubiri wanaharibikiwa. Mwaka 2006 nilimwandikia kwamba akirudi hatanikuta."

Ningependa kukuandikia kwamba mapenzi yalishinda. Huwa tunaandika hivyo, na barua zenu zinatuambia mnapenda tuandike hivyo. Lakini alichonisimulia Mwalimu ni kwamba mumewe alirudi, akaweka begi mlangoni, akakaa juu ya begi lake kwenye baraza kuanzia saa nne asubuhi mpaka watoto walipotoka shule, bila kuingia ndani. Jioni ndipo akamtolea kiti, na kwenye kiti kile wakapatana kama watu wanaouziana shamba. Novemba mpaka Januari hakuna mbio, hata wakimlipa dhahabu. Fedha zote zitajwe kabla hazijatumwa, hata zile za aibu. Na la tatu: siku mimi nikihamishwa, wewe ndiye utakayefunga begi.

"Alikubali yote?"

"La tatu alicheka. Alidhani sitahamishwa." Akafunga kaunta buku. "Mwaka 2012 nikapangiwa huku. Mbuzi anawalisha nani? Nani anapika nikiwa na vipindi vya jioni? Sasa yeye ndiye deiwaka wangu."

Neno lile, msomaji, ni la kwake. Mimi nimeliazima tu kichwani mwa makala.

Nilipokwenda kulala mume wangu alikuwa macho. Akaniambia, bila kugeuka, kwamba Kocha amemuuliza ana watoto wangapi, naye akajibu hana, bado. Na Kocha hakusema chochote, alichochea moto tu. "Ningependa angesema kitu," akaniambia. Nikamwambia na mimi ningependa wewe useme kitu. Basi akasema. Kwamba kazi ya mezani aliwahi kupewa, miaka mitatu iliyopita, akaikataa na hakuniambia. Kwamba barabara ikikatwa mara ya kwanza porini na yeye ndiye aliyehesabu kila kifusi, anajisikia mtu. Kwamba kwenye ofisi za mjini anajisikia ameazimwa. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi. Miaka mitatu! Tuliongea mpaka majogoo. Mengine ni ya kwetu.

Saa kumi na mbili asubuhi filimbi ilitulipua kitandani. Nje, watoto kama ishirini wa shule, wasichana kwa wavulana, wengine na raba zisizo na kamba, wengine na katambuga, wengine miguu mitupu. Kocha mbele yao na saa mkononi. Aliwahadithia tena, na ilionekana si mara ya kwanza, jinsi Alphonce Simbu wa Singida alivyoshinda marathoni ya dunia Tokyo, usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025 kwa saa zetu: saa 2 dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros kapewa muda ule ule, tofauti ni sehemu tatu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. "Sehemu tatu za mia ni nini?" akauliza. Watoto wote kwa pamoja wakafumba jicho na kulifumbua. Hiyo ndiyo hesabu yao.

Mume wangu akasema naye atakimbia. Hana raba, alikuwa na viatu vya kazini. Walianza taratibu kuelekea njia ya Piyaya, vumbi jekundu, jua linatoka nyuma ya migunga. Mimi na Mwalimu tulisimama kwenye kichuguu na vikombe vyetu. Mzee yule akikimbia ni mtu mwingine kabisa. Kichwa hakitikisiki, unaweza kumwekea glasi ya maji. Mume wangu alihimili kama kilomita moja na nusu, akashika kiuno, akakaa chini ya mti. Watoto wakampita wakicheka, mmoja akampiga bega kama mtu mzima.

Kisha nikaona alichonisimulia jana. Penye mti mkubwa njia inapopinda, Kocha akasogea kulia, akasimama. Hakupiga filimbi wala hakusema neno. Watoto wakapita upande wake wa kushoto, wasichana wawili wameshika mbele, wakaendelea na kasi ile ile mpaka wakawa nukta, na yeye amesimama pembeni anaangalia saa.

"Kila siku anasimama pale pale," Mwalimu akasema. "Hapo ni kilomita mbili na nusu. Nishamwambia awe anakwenda nao mpaka mwisho. Hataki."

Tuliondoka saa tatu. Mwalimu alitupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu na akamwambia mume wangu, mbele yangu, "Wewe kijana, kaunta buku zinauzwa bei rahisi." Dereva akawasha gari.

Mtandao ulirudi kabla ya Olduvai, kwenye kimwinuko ambacho dereva anakijua, simu zote tatu zikaanza kulia pamoja kama vifaranga. Mume wangu akafungua ile barua ya Kigoma, akanipa simu niisome mwenyewe. Kwa mara ya kwanza niliisoma yote. Kurasa tisa. Posho, bima, nyumba, usafiri wa eneo la kazi.

"Desemba utakuwa wapi?" nikamuuliza.

Akachukua simu, akapekua juu, akapekua chini. "Hawajaandika."

"Waulize waandike. Na niulizie kama hiyo nyumba ina chumba cha mtu anayeandika."

Akashuka kwenye gari, akapanda juu ya jiwe ili mtandao usikatike, akaanza kuandika kwa vidole viwili kama kawaida yake. Dereva akazima injini, akatoa miwa.